Daftari Ulilolifunga Kwenye Begi Lako

Ilala, Jumamosi alasiri

Rukia mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, ingawa uliitoa ukiwa umenipa mgongo unakunja nguo. Marahaba. Sasa hivi umetoka na mama yako kwenda Kariakoo kutafuta sweta na ndoo yenye mfuniko, na mimi nimebaki hapa mezani na kalamu. Fundi wa jirani anagonga bati tangu saa nane. Agonge tu, nimezoea kufikiri kwenye kelele.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutosinzia ukiwa na pochi mkononi utaambiwa na mama yako, tena mara tatu. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na kwa mdomo haliwezekani, maana tukianza kusemeshana mimi na wewe, dakika mbili haziishi tumeshapandishiana sauti. Ubishi umeurithi kwangu, sikulaumu.

Nimeliona daftari.

Sikupekua, usije ukanifikiria vibaya. Leo kabla hamjatoka uliniomba nikufungie zipu ya begi kubwa, zipu ikagoma, nikatoa vitu vya juu nivipange upya. Chini ya mashuka nikalikuta. Daftari langu la zamani, lile la jalada gumu la bluu, limeandikwa kwa mkono wangu: Mbinu za Ufahamu, Kiingereza, Kidato cha Nne. Nilidhani limeshaliwa na mende siku nyingi. Kumbe umelitunza, na kesho alfajiri linapanda basi pamoja nawe kwenda Sumbawanga, kwenye kituo chako cha kwanza cha kazi.

Mzazi mwingine angejivunia. Baba mwalimu, binti mwalimu, wote wa Kiingereza, na daftari linarithiwa kabisa. Mimi nilikaa kitandani kwako, daftari mapajani, zipu nikaisahau.

Ulikuwa mdogo wakati daftari hilo linaanza kutamba, kwa hiyo hujui lilivyokuwa. Ngoja nikwambie. Kulikuwa na vijana wa tuisheni Magomeni wanalitoa kopi na kulifundishia bila hata kufuta jina langu. Walimu wenzangu walikuwa wananiita pembeni wakati wa chai, "Ticha, hebu nichungulie kidogo." Wanafunzi waliniita Mzee wa Mbinu. Nikipita Mtaa wa Msimbazi, wazazi wananisalimia kutoka ndani ya maduka yao, wengine wanatoka mpaka barazani. Nilijiona mtu, mwanangu. Nilikuwa natembea kifua mbele utadhani nimeigundua mimi hiyo lugha.

Na mbinu yenyewe unaijua, kwa sababu ndiyo uliyofaulia. Usianze na kifungu, anza na swali. Kamata neno kubwa la swali. Likimbilie kwenye kifungu. Ukilipata, nakili sentensi yote ilivyo. Halafu ule mstari nilioupigia mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu: usipoteze muda kusoma kifungu chote.

Hebu usome tena mstari huo, Rukia. Mwalimu wa kusoma anawaambia watoto wasisome. Na mimi mwenye akili zangu timamu niliuandika, nikaupigia mistari, nikaufundisha miaka mingi, na nikapigiwa makofi.

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote aliitwa Zuhura. Humjui, maana wewe ulikuwa umeshaenda chuo, ila mama yake unamfahamu, yule Mama Zuhura aliyekushonea gauni la mahafali. Enzi hizo alikuwa na fremu yake ya duka Mtaa wa Narung'ombe, anauza vitenge, na cherehani iko pale pale mlangoni. Zuhura alikuwa Kidato cha Nne. Kwenye ufahamu hakosi hata swali moja. Nilikuwa namsimamisha mbele ya darasa awaonyeshe wenzake jinsi jicho linavyoruka mstari kwa mstari kutafuta neno. Jicho lake lilikuwa jepesi, nakwambia.

Basi ikaja siku mwenye jengo akawapelekea wapangaji mikataba mipya, kurasa nne, Kiingereza kitupu. Ilikuwa siku ya Jumatatu. Mama Zuhura Kiingereza chake ni cha kuhesabia rangi za vitenge, lakini ana binti anayeongoza darasa, ana wasiwasi gani? Akamuuliza kitu kimoja tu, kile ambacho mfanyabiashara yeyote angeuliza: "Hapa tunakaa miaka mingapi?" Zuhura akafanya kama alivyofundishwa. Akalikimbilia neno, akalipata ukurasa wa kwanza, akanakili sentensi yote: miaka mitano. Na kweli iliandikwa mitano. Jumatano mama yake akasaini.

Ukurasa wa nne, chini kabisa, uliandikwa kwamba mwenye jengo akiamua kubomoa ajenge upya, atatoa taarifa ya mwezi mmoja na mpangaji ataondoka bila kudai chochote. Hicho kifungu kilikuwa pale pale siku zote, kwa maandishi yale yale, wala hakikufichwa. Mwaka haujaisha, taarifa ikaja. Unajua Kariakoo ilivyo, nyumba ya chini inalala, ghorofa linaamka. Mama Zuhura alitoka na cherehani yake akaitua uani kwao, na mpaka leo anatandika vitenge kwenye turubai pembeni ya barabara, hapo hapo Narung'ombe, jua lake, mvua yake. Na mtaa mzima ukasema binti kasomeshwa bure, hata mkataba umemshinda kusoma.

Zuhura alikuja shuleni kunitafuta. Hakulia, na ingekuwa nafuu kama angelia. Alinikuta kwenye korido, akanipa shikamoo yake kwa adabu kama kawaida, akasema, "Mwalimu, nilifanya kama ulivyotufundisha." Akaniachia bahasha yenye kopi ya ule mkataba, akaondoka zake.

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilibadilisha njia. Miezi mingi nilikuwa nazungukia kwa nyuma ili nisipite Narung'ombe. Mtu mzima na ndevu zangu namkimbia mama anayeuza vitenge.

Lakini lile neno la Zuhura lilikataa kutoka kichwani. Siku moja nikaingia darasani, nikaandika ubaoni kifungu cha Kiingereza nilichokitunga mwenyewe, maneno yote ya uongo, hayapo kwenye kamusi yoyote. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi: "Mdumvi alipogoza vizwe vitatu kando ya likwembe." Nikauliza: Mdumvi alipogoza vizwe vingapi? Alipogozea wapi? Wakainama, kalamu zinakimbia. Nikasahihisha. Darasa zima limepata yote. Vizwe vitatu, kando ya likwembe. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akaniuliza Mdumvi ni nani na kupogoza ndiyo kufanyaje. Walikuwa wananitazama kwa furaha wanasubiri niwasifie. Nilitoka nje nikaenda kunawa uso bombani.

Tangu siku hiyo sijalifundisha daftari tena. Hilo ndilo linaloitwa ujeuri wangu pale shuleni, na umeshalisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwangu.

Nilianza na maboksi. Niliwaambia watoto kila mmoja aje na kitu chochote chenye maandishi ya Kiingereza kutoka nyumbani au dukani kwao. Shule ya Kariakoo, watoto wa wafanyabiashara, unategemea nini? Wakaja na maboksi ya krimu, ya chaja, ya dawa za mende, mifuko ya mbolea. Tukaanza na boksi la mafuta ya nywele. Limeandikwa nywele zitakua ndani ya siku saba. Nikawauliza: nani ameandika hivi? Anataka wewe ufanye nini? Amejuaje? Na kipi hajakisema? Hawajawahi kuulizwa. Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Mwishoni kabisa binti mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kupata hata nusu ya maksi kwenye ufahamu, akasema taratibu, "Ticha, hajasema nywele za nani." Darasa likacheka mpaka mlango wa jirani ukafunguliwa. Mwanangu, nimefundisha muda mrefu, sijawahi kufurahi kama siku ile.

Fujo ikaanzia hapo. Haikupita wiki, Mangi mwenye duka la vipodozi akaja shuleni, amevimba. Unamfahamu, yule ambaye mama yako anapenda kubishana naye bei. Akanikuta getini.

"Ticha, mimi mwanangu nilimleta hapa asome."

"Na anasoma, Mangi."

"Anasomea dukani kwangu. Mteja ameshika krimu, yeye anasimama pembeni anamsomea boksi kwa sauti. Anamuuliza mteja eti nani kaandika. Wateja wawili wamerudisha. Unataka kunifungia duka?"

Nikamwambia, "Kama krimu ni nzuri, boksi likisomwa inapungua nini?" Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule. Hakuniaga.

Mkuu wetu wa shule si mtu mbaya, nataka hilo ulijue, na yeye ana watu juu yake wanaomuuliza. Aliniita mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili, matokeo yalipotoka na somo langu limeshuka, akaniita mbele ya walimu wote. Akasema, "Mwalimu, mtihani hauulizi nani kaandika boksi." Nikasema, "Basi mtihani ndio una kasoro." Wengine wakacheka, wengine wakaangalia sakafu. Akaniambia nirudie mbinu zangu, maana ni zangu mwenyewe na zimejulikana mji mzima, ama aniondolee Kidato cha Nne. Nikamwambia aniondolee.

Akaniondolea. Sasa niko na Kidato cha Kwanza, chumba cha mwisho kule karibu na vyoo, dirisha moja halifungi. Mzee wa Mbinu kawa mwalimu wa kuanzia. Walimu niliokuwa nawachungulisha daftari sasa wananipita korido wananipa pole. Pole ya nini? Mimi sijafiwa. Nimepewa watoto ambao daftari langu halijawaharibu. Sijaomba radhi kwa mtu na sitaomba, labda kwa Zuhura.

Sasa nije kwako, maana nimezunguka vya kutosha.

Jana Ijumaa, nilipokwambia usiwafundishe watoto kwa mbinu zangu, ulinijibu maneno mawili. La kwanza ulisema, "Baba, wewe umebakiza miaka michache ustaafu, ujeuri unakupendeza. Mimi ni mgeni. Watoto wakifeli mwaka wa kwanza nitaulizwa mimi, sio wewe." Nikakuita mwoga. Hilo nalifuta, mwanangu, nisamehe. Haikuwa haki. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako niliogopa hivyo hivyo, na woga huo ndio ulioliandika daftari.

La pili lilinichoma zaidi, kwa sababu ni kweli. Ulisema, "Na mimi je? Si nimefaulu kwa hilo hilo daftari? Si ndilo limenifikisha chuo?" Nikanyamaza, na wewe ukadhani nimekasirika. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakukumbuka ukiwa Kidato cha Pili, umelala kifudifudi kwenye mkeka na kitabu cha hadithi, unanigombeza mimi kwa sababu mhusika mmoja alisema uongo. "Baba, huyu anadanganya, tazama hapa na hapa." Ulikuwa na hilo kabla sijakufundisha lolote. Halafu mwaka wa mtihani nikakupa daftari, na sijakuona tena ukigombana na kitabu. Umefaulu, ndiyo. Na nilikuchukulia kitu ambacho sikukirudisha. Hata sasa nashindwa kuandika hilo bila kusimamisha kalamu.

Sikwambii uende kule ukapigane na kila mtu. Watoto wa Sumbawanga wana haki ya kufaulu kama wa Kariakoo, wafundishe mtihani, na uwafundishe vizuri. Huko hakuna maboksi mengi kama hapa, lakini kuna mifuko ya mbolea, kuna vikaratasi vya dawa, kuna fomu za mikopo wanazopelekewa wazazi wao. Mimi naiba dakika kumi kila kipindi. Kengele ikilia bado wanabishana, nawaacha watoke wakibishana. Nimeitwa ofisini kwa hilo pia. Wewe ukiitwa utajua la kujibu, una mdomo kunishinda.

Nitakwambia ukweli, daftari nililitoa begini. Nikalificha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la mama yako. Nikakaa. Baada ya dakika kumi nikalirudisha pale pale chini ya mashuka, kwa sababu nimeshaficha mambo ya kutosha kuhusu daftari hilo, na ndiyo maana nimekaa hapa naandika badala ya kukusindikiza Kariakoo.

Kwa hiyo ifanyie barua hii kile ninachowafanyisha watoto wangu wa Kidato cha Kwanza. Nani kaiandika? Baba yako. Anataka ufanye nini? Usilifundishe daftari. Kipi hajakisema? Rudi juu, pale nilipokwambia mkataba uliletwa Jumatatu na Mama Zuhura akasaini Jumatano. Umeniuliza hizo siku mbili mkataba ulikuwa wapi?

Ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Mama Zuhura hakuwa mzembe. Binti alipomsomea, yeye alisema, "Mpelekee mwalimu wako aupitie kwanza." Zuhura akaniletea ofisi ya walimu, nina rundo la madaftari ya kusahihisha mbele yangu. Nikautia mkobani, ukalala huko. Jumatano asubuhi nikautoa. Pembeni ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa penseli swali la mama yake, miaka mingapi, na chini yake jibu. Nikakamata neno la swali. Nikalikimbilia. Nikalipata. Jibu sahihi. Nikaweka vema kwa kalamu nyekundu, kubwa, ile ninayowawekea waliopata yote, nikamrudishia. Ukurasa wa pili sikuufungua. Wala wa tatu, wala wa nne. Mama Zuhura alisaini baada ya kuiona ile vema.

Mtaa wote ulimsema binti, na Zuhura hakunitaja hata siku moja. Mama yake pia hakunitaja. Mimi nikamwacha mtoto wa watu abebe, huku nikizunguka njia ya nyuma. Hata nilipokuwa nampandishia mkuu wa shule kwa ushujaa wote ule, hilo sikulisema. Mama yako hajui. Atajua leo mkirudi, kabla ya chakula chake cha kukuaga, na atakachonifanya ni haki yangu. Jumatatu nakwenda Narung'ombe kwa njia ya mbele, pale kwenye turubai, nimwambie Mama Zuhura mbele ya majirani zake wote kwamba binti yake hakukosea peke yake, aliyekosea wa kwanza ni mwalimu. Watanicheka. Wacheke.

Kopi ya mkataba, kurasa zote nne, nimeibana ndani ya jalada la daftari. Daftari ni lako, umelitunza mwenyewe, lifanye utakalo. Ila siku utakayolifungua mbele ya darasa lako, anza na mkataba. Waonyeshe vema ya baba yako. Waambie ni nani aliyeiweka, kisha wafungulie ukurasa wa nne na uwaache wausome mpaka chini.

Baba yako,
mwalimu wa Kidato cha Kwanza